Kukosa chanjo ya surua si uzembe wa mama, sikilizeni yaliyonipata mimi

Kuna mwenzetu kauliza mbona kina mama wa mitaani chanjo za wiki sita, kumi na kumi na nne wanapeleka watoto vizuri tu halafu ya surua ya miezi tisa wanapotea, na mwengine akajibu ati ni uzembe. Haya, mi nakaa mtaa wa Bangladesh hapa Mikindani, Mombasa, nna watoto watatu.

Huyu wa kati alipofika miezi tisa nkaacha kibarua, na siku usipoenda hulipwi, nkapanda boda na lile jua la Machi mpaka hospitali, foleni tangu saa mbili, saa tano ndo sista anatoka anauliza wa surua mko wangapi? Tuko watatu. Rudini Jumatano. Nlitukana moyoni wallahi. Hiyo Jumatano sikwenda, wala iliyofuata, mtoto akaja kudungwa ana mwaka na miezi minne. Sasa hapo mzembe nani?

Baadaye mhudumu wa afya wa mtaani kwetu ndo akanifungua macho. Kumbe dawa ya surua na rubela ni unga, inachanganywa na maji yake, chupa moja watoto kumi, na ikishachanganywa ni masaa sita tu, inayobaki inamwagwa. BCG, ile ya kifua kikuu, nayo ni unga wa kumwagwa hivohivo. Zile za sindano za wiki sita huja tayari za maji, zikifunguliwa zinarudi kwa friji, ndo maana hizo hurudishwi. Sista hakuwa na roho mbaya, alikuwa aonea huruma dawa ya watoto saba, ingawa WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe wanasema fungua hata kwa mtoto mmoja, bora dawa imwagike kuliko mtoto aende hivo.

Huku kwetu mambo yalibadilika zahanati ya karibu ilipoanza kuleta dawa barazani Jumamosi moja kila mwezi, kwa kile kisanduku cha barafu. Siku mbili kabla mhudumu anapita mlango kwa mlango na daftari, anaangalia vitabu vya kliniki, nani kafika miezi tisa, nani kumi na minane (hii ya pili wengi hata hawaijui), halafu anaandika kwa chaki nyuma ya mlango SURUA J'MOSI. Wakifika kumi hakuna cha rudi kesho. Na anaongea na kina baba pia, manake kuna mmoja alikataa kabisa, ati mtoto kashachanjwa, wino huu hapa kidoleni, kumbe ni yale matone ya polio ya nyumba kwa nyumba.

Si kwamba kila kitu shwari, kuna mwezi sista hakutokea tukakaa pale mpaka adhuhuri na watoto wanalia. Lakini huyu mwanangu mdogo ya miezi kumi na minane kapata hapo hapo barazani, nlienda na leso na malapa, nkarudi mafuta ya mahamri hata hayajapoa.