Tezi ikikosa madini joto mbona inavimba, isikonde?

Mkuu, umeuliza kama tezi ya shingo ina njaa ya madini joto, si ingekonda? Nami niliuliza hivyo hivyo hapa Kigoma, mama yangu mkubwa alipougua.

Rovu lake, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, nalikumbuka tangu niko shule ya msingi kule Kasulu. Chakula chetu ni ugali wa muhogo na migebuka, na chumvi ya kupimiwa kwa kopo. Samaki wa ziwani hawana madini joto kama wa baharini, na muhogo usiolowekwa vizuri unaizuia tezi kunyonya hata hayo kidogo.

Sasa, tezi haijiamulii. Chini ya ubongo kuna nyingine ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Homoni ya shingo ikipungua kwenye damu, pituitari inatuma homoni ya TSH, yaani amri. Seli za shingo zikiipata zinafanya mambo mawili: zinavuta madini joto kwa nguvu, na zinazaana. Madini hayaji, amri haikomi, shingo inajaa.

Seli hizo zenyewe kwa zenyewe nazo zinateta. Zimejipanga duara kuzunguka ute, kila moja imeshikana na jirani yake kwa vijitundu vinavyopitisha chembe za ujumbe. Zikikosa madini joto humwaga pia kemikali inayoita vimishipa vya damu visogee karibu.

Ila rovu likikaa miaka mingi huota vinundu, na baadhi ya seli za humo huasi: zinatengeneza homoni bila kungoja amri. Hapo ndipo tulipokosea. Muuza dawa mmoja wa mtaani alimpa mama matone ya madini joto, eti rovu liyeyuke. Wiki chache baadaye kikombe cha chai kikawa kinagongagonga kisahani mikononi mwake, moyo unamwenda mbio, amekonda. Vinundu vilikuwa vimepata malighafi vilivyoikosa miaka yote! Kipimo cha TSH kikakutwa chini kabisa. Pituitari ilishanyamaza, shingo inaendelea kuzalisha.

Akaachishwa matone, akapewa vidonge. Mikono imetulia, rovu lipo.

Kwa kijana mwenye rovu changa, laini, chumvi yenye madini joto huweza kulipunguza. La zamani lenye vinundu, pima TSH kabla ya kugusa matone yoyote. La kwako likoje, laini au lina vinundu? Na lina miaka mingapi?