Kwa Wanaotaka Kufundisha Michezo katika Skuli za Kimataifa Unguja

Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza wa kufundisha michezo katika skuli moja ya kimataifa hapa Unguja, nilibeba bahasha iliyojaa vyeti vya mpira wa pete na riadha, pamoja na medali mbili nilizozipata katika uwanja wa Gombani nikiwa mwanafunzi. Mkuu wa skuli hakuifungua bahasha ile. Aliniuliza nitafanya nini iwapo mtoto wa miaka 8 atakaa chini ya mwembe na kukataa kukimbia. Nilimjibu kwamba nitamwamuru ainuke, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa mimi nilipokuwa mdogo huko Wete, Pemba, na ndivyo nilivyokuwa nikifundisha kwa miaka minne katika skuli ya serikali. Sikuipata kazi ile. Niliipata mwaka uliofuata katika skuli nyingine, baada ya swali lile kuniandama usiku mwingi, na sasa nimo humo mwaka wa 11.

Nawaandikia hasa vijana wa Kizanzibari, wa kike na wa kiume, wanaoniuliza kazi hii hupatikanaje na mtu huiendelezaje. Wengi wetu huingia kwa mlango wa usaidizi: ndio tunaopanga koni, tunaojaza mipira upepo, tunaofunga wavu na kuwasindikiza watoto chooni, huku somo lenyewe likiongozwa na mwalimu aliyetoka nje. Kuanzia hapo si aibu hata kidogo, nami nilianzia hapo. Kinachonisikitisha ni kuona wenzangu wenye vipaji kunizidi wakibaki mahali hapohapo mwaka baada ya mwaka, ilhali watoto wanawapenda na miili yao ina uwezo wa kuonyesha kila mchezo. Kwa jinsi nilivyoona, kilichowakwamisha ni kwamba walijua mengi na hawakuyaandika.

Katika skuli hizi, michezo ni somo kama hesabu. Mwanafunzi anayechukua Elimu ya Viungo kwa IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari wa Cambridge, hupata nusu ya alama zake kwenye karatasi ya nadharia, ambamo huulizwa juu ya misuli, moyo, lishe na majeraha, na nusu nyingine hutokana na michezo minne anayoifanya kwa vitendo, ambayo mwalimu wake ndiye anayeipima. Mwalimu huyo lazima aweze kueleza kwa maandishi kwa nini mwanafunzi huyu amepewa alama hii na si ile, kwa sababu kazi yake nayo hukaguliwa na watu wasiowahi kumwona mtoto huyo akicheza. Basi nunua daftari. Kila jioni, kabla hujasahau, andika mistari mitano: ulikusudia nini, nani alifika, nani hakufika, nini kilimzuia, na kesho utabadilisha nini. Daftari langu la mwaka wa kwanza lina Kiswahili na Kiingereza kilichochanganyika vibaya, lakini ndilo nililoliweka mezani nilipoomba kupewa darasa langu mwenyewe.

Naomba nieleze kwa kirefu jambo lililonifundisha hayo, kwa kuwa nililipata kwa hofu.

Skuli tuliyokuwamo haikuwa na bwawa, na watoto walifundishwa kuogelea baharini. Mkuu wa idara, mgeni mwenye bidii na moyo mwema, alipanga somo la kuogelea kila Jumanne saa nne asubuhi kwa muhula mzima. Mtu yeyote aliyekulia pwani angejua kwamba ratiba ya namna hiyo haiwezekani. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya kwetu hujaa alasiri kwenye saa kumi na hupwa asubuhi karibu na saa nne, na kila siku ipitayo huchelewa kwa takriban dakika 50. Maana yake ni kwamba Jumanne moja utayakuta maji yako mbali, na Jumanne inayofuata utayakuta yamejaa. Niliyajua hayo tangu utotoni, nikanyamaza, kwa sababu nilijiona msaidizi tu na ratiba ilikuwa imeshachapishwa na kupelekwa kwa wazazi.

Jumanne ya kwanza tulisimama na watoto 20 juu ya mchanga na mwani, tukakusanya makombe. Juma la pili maji yalikuwa yamejaa na somo lilikwenda vizuri. Juma la tatu tulikuta tena mchanga, na la nne tukaogelea. Kisha ikaja likizo fupi iliyovuruga mpangilio, na tuliporudi, Jumanne yetu iliangukia siku nne baada ya mwezi kuandama, maji yakiwa yanatoka kwa kasi. Mtoto mmoja wa kiume aliliachia boya lake, na katika muda wa kuvuta pumzi mbili tatu nilimwona akichukuliwa kuelekea nje, uso wake ukiwa umetugeukia, wala hapigi kelele. Nilimfikia. Hakunywa maji mengi, na alasiri ile alirudi nyumbani akicheka. Mimi sikulala. Niliona waziwazi kwamba ule ukimya wangu niliokuwa nikiuita adabu ndio uliomweka mtoto yule hatarini.

Usiku huohuo niliandika ukurasa mmoja: tarehe zote za muhula, saa za kujaa na kupwa, siku za kuingia majini, siku za kucheza ufukweni, siku za kutokaribia maji kabisa, majira ambayo konyeza, wale viumbe wa baharini wanaowasha, huwa wengi, na idadi ya watu wazima wanaotakiwa kusimama upande wa nje wa watoto. Asubuhi niliupeleka ukurasa ule kwa mkuu wa idara, nikamwambia pia kwamba nilistahili kumweleza tangu mwanzo. Aliusoma akiwa amesimama, akauliza maswali matatu, akafuta ratiba yake mbele yangu. Mwaka uliofuata nilipewa darasa.

Ujuzi wa namna hii tunao mwingi, na mara nyingi tunaudharau kwa kuwa hatukupewa cheti chake. Tunajua kwamba wakati wa kaskazi jua la saa sita halifai kwa mbio ndefu, na kwamba somo la nje lenye nguvu lipangwe kabla ya saa nne. Tunajua kwamba Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku kama 11 kila mwaka, ilhali kalenda za skuli huchapishwa mapema, na ni wajibu wako kuinua mkono katika kikao kabla siku ya michezo haijapangwa katikati ya mfungo. Hata hivyo, usimgeuze mtoto aliyefunga kuwa mtazamaji wa mwezi mzima. Mpe filimbi awe mwamuzi, mpe saa apime wenzake, mpe kazi ya kuhesabu pasi na kueleza kwa nini timu imeshindwa. Baadhi ya waamuzi wangu bora walipatikana katika mwezi huo.

Yule mtoto wa chini ya mwembe nilikutana naye hatimaye, katika mwaka wangu wa tatu. Alikuwa msichana aliyefika karibuni, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, na kila kipindi alikaa pembeni akiwa amekumbatia magoti. Sikumwamuru. Nilitengeneza mpira wa matambara kama tuliokuwa tukiuchezea nage, mchezo wa kukwepa mpira, mtaani kwetu, nikakaa karibu naye kwa dakika chache kila siku nikiurusha na kuudaka, bila ya kumwangalia. Siku ya tatu alinyoosha mikono. Juma lililofuata darasa zima lilicheza nage, na ilionekana kwamba katika kukwepa mpira hakuna aliyemfikia. Mchezo ule hauhitaji lugha, na watoto waliotoka India, Denmark na Dar es Salaam walikuwa sawa mbele yake. Tangu hapo nage imo katika mpango wetu wa mwaka, imeandikwa pamoja na malengo na vigezo vyake kama mpira wa kikapu ulivyoandikwa.

Kwa walimu wanawake nina neno la ziada. Mnaweza kufungua milango ambayo wengine hawataweza kuifungua. Bibi mmoja alikuja skuli akiwa na hasira iliyofichwa na heshima. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu ataogelea na nani, na atavaa nini?" Nilimwonyesha vazi lenyewe, la kufunika mwili mzima na kichwa, nikamweleza kwamba wasichana wataingia majini nami peke yangu. Nilimweleza pia kuwa huko Nungwi, Mradi wa Panje umeshawafundisha wasichana wengi kuogelea kwa mavazi ya stara. Alinyamaza, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Wete, hatukuhitaji kusema mengi. Sisi wa Pemba hatuwezi kuzungumzia bahari bila ya kuikumbuka meli ya Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea kwetu na watu wetu. Sidai kwamba masomo ya kuogelea yangewaokoa watu katika usiku ule na mkondo ule. Nasema tu kwamba tangu mwaka huo siwezi kukubali mtoto wa visiwa akue akiiogopa bahari inayomzunguka pande zote. Bibi aliweka sahihi.

Kuhusu mkataba nitasema machache. Usome wote kabla ya kuutia sahihi, uliza kama mwajiri anakuchangia katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uliza nani analipia matibabu ukiumia uwanjani, na uliza jina la kazi yako litaandikwaje, kwani "msaidizi" na "mwalimu" hulipwa tofauti hata wakifanya kazi ileile. Sehemu nyingine ya jioni zako itachukuliwa na mazoezi ya timu na safari za mashindano, na familia yako ina haki ya kulijua hilo mapema. Na jitayarishe kuagana. Kila Juni wazazi wanaofanya kazi kwa mikataba huhama na watoto wao, na msichana wangu wa nage aliondoka baada ya miaka miwili, akauchukua na ule mpira wa matambara.

Mjukuu wa yule bibi bado yupo. Ana miaka 15, huogelea vizuri kuliko mimi, na Jumamosi huwasaidia wasichana wadogo kujifunza kuelea. Ratiba ya maji ya muhula huu ameiandika yeye, nami nimesahihisha tarehe mbili tu.