Mmeuliza, Tunajibu: Kompyuta au PlayStation?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mwenye pesa ya mashine moja tu ya kuchezea gemu achukue kompyuta au konsoli, yaani mashine ya gemu kama PlayStation (PS)? Tumechagua tano. Msimamo wetu tunausema mapema: kabla hujalinganisha nguvu za mashine, jiulize gemu zenyewe zitakufikiaje, kwa CD ya dukani au kwa bando, na utazilipia kwa njia gani. Wengi wanaolalamika baada ya kununua wamekwama hapo.

*Wahariri, hamjambo. Nina wanangu wawili, wa miaka 10 na 14. Mkubwa anataka PS5. Baba yao anasema tununue kompyuta wasome na kucheza humo humo. Gemu wanayoipenda kuliko zote ni mpira. Tufanyeje? (Mama, Morogoro)*

Hatujambo, mama. Kama kinachotakiwa ni mpira, na watacheza wao kwa wao mbele ya TV, nunua konsoli yenye mlango wa CD. EA Sports FC, ambayo hadi FIFA 23 ilikuwa ikiitwa FIFA, haikubali kompyuta yoyote tu. Toleo la FC 24 lilitaka kwa uchache prosesa ya daraja la Core i5-6600K, RAM ya GB 8, kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100. Kompyuta ya kawaida ya kusomea haina kadi hiyo. Hoja ya baba ni ya maana kwa masomo, lakini kompyuta atakayoinunua kwa bei ya masomo haitacheza mpira huo.

Kwenye mlango wa CD usilegeze. PS5 za kawaida zipo za aina mbili, na ile ya Digital haina mlango huo. Gemu ya GB 100 ukiishusha kwa kasi ya Mbps 10 inachukua saa 22 na ushei mfululizo, mtandao usipokatika. CD nayo haikuondolei intaneti moja kwa moja, maana masahihisho hutoka mara kwa mara, lakini mechi ya watu wawili nyumbani inachezeka bila hayo. Isitoshe, CD mkiichoka mnaiuza au mnabadilishana na jirani. Gemu iliyoshushwa imefungwa kwenye akaunti, haiuziki.

Ukikuta Digital kwa bei nzuri, uliza ni ya mwaka gani. Zile za kwanza za 2020 haziongezwi kisomaji cha CD kamwe. Zile nyembamba (Slim) zilizoanza kutoka 2023 zinaongezwa, ila kisomaji kikifungwa mara ya kwanza lazima konsoli iwe na intaneti ili vitambuane. Xbox Series S hatukushauri: haina mlango wa CD wala haiongezwi, na ile ya GB 512 zinazobaki kwa gemu ni kama 364. Gemu tatu kubwa na imejaa.

Bajeti ikibana, PS4 Slim iliyotumika bado inafaa, kwani hata FC 26 imetolewa kwa PS4. Usilipe kabla hujaijaribu papo hapo. Weka CD yako, cheza dakika 20, sikiliza feni. Ikianza kuvuma kwa nguvu, ndani kuna vumbi au pasta ya prosesa imekauka. Kisha ingia PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya PlayStation, kwa akaunti yako. Ikikataa kabisa, huenda mashine imefungiwa, au imefunguliwa kinyemela ili icheze gemu za kunakili. Mashine ya namna hiyo haisasishwi, na mtandaoni huingii.

*Naingia chuo mwaka huu. Nataka laptop ya kazi za chuo na pia nicheze GTA V na Call of Duty: Warzone. Nimeonyeshwa moja ya Core i7, RAM ya GB 8. i7 si inatosha? (Mwanafunzi, Eldoret)*

Haitoshi, ndugu, na hapo ndipo wanafunzi wengi huumizwa. Neno "i7" peke yake halikuambii kitu. Soma namba nzima. Core i7-7500U, kwa mfano, ina kiini (core) mbili tu, na herufi U mwishoni maana yake ni prosesa ya kubana umeme. Prosesa changa zaidi ya daraja la i5 inaweza kuiacha mbali.

Ukiwa dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, halafu shuka mpaka kwenye GPU, yaani grafiki. Ukikuta Intel HD au UHD peke yake, Warzone isahau. Ukikuta na ya pili ya NVIDIA GeForce GTX au RTX, hiyo ndiyo laptop ya gemu. Katikati kuna prosesa za Ryzen 5 kama 5500U, zenye grafiki ya ndani yenye nguvu kidogo. Hizo zinacheza GTA V kwa mipangilio ya chini, kwa sharti moja: RAM ziwe vipande viwili. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine, na kipande kimoja kinapitisha data nusu ya viwili. Kipande cha GB 8 ukikiongezea kingine cha GB 8 utaona tofauti siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama kuna tundu la pili la RAM. Laptop nyingi nyembamba RAM zake zimechomelewa kwenye bodi.

Kwako wewe kompyuta ndiyo jibu, kwa sababu chuo utaihitaji kwa vyovyote. Kingine ni gharama. Kompyuta haidai ada ya kucheza mtandaoni. Konsoli ya PlayStation inadai usajili wa PS Plus ili ucheze mtandaoni gemu za kulipia, na kifurushi chake cha chini kwa akaunti ya Marekani kilipandishwa Septemba 2023 hadi dola 79.99 kwa mwaka. Gemu za bure kama Warzone, Fortnite na eFootball hazidai ada hiyo hata kwenye konsoli. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unalilipa kwa dola, na kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, ambayo Safaricom waliileta 2022, inatosha kwa kazi hiyo. Subiri misimu ya punguzo, hasa ya katikati na mwisho wa mwaka.

Kuokoa bando, tumia rafiki aliyekwisha kushusha gemu ambayo nawe umeinunua. Nakili folda ya gemu kutoka steamapps, ndani ya common. Kwako bandika folda mahali pale pale kwanza, kisha bonyeza Install. Steam itakagua faili na kushusha zilizopungua tu. Diski ya kubebea iwe imefomatiwa exFAT au NTFS. Ikiwa FAT32, faili lolote linalozidi GB 4 litakataa kunakiliwa, na faili za gemu kubwa mara nyingi huzidi.

*Nina Dell OptiPlex ndogo ya mtumba, Core i5-6500. Nikiweka kadi ya grafiki itakuwa mashine ya gemu? Fundi mmoja kanionya kuwa itaungua. (Msomaji, Kisumu)*

Haitaungua ukichagua kadi inayolingana na umeme wake. Kasha dogo la OptiPlex au HP EliteDesk lina kisambaza umeme cha wati kama 180 hadi 250, na nyaya za kulishia kadi kubwa hazimo. Tundu la kadi kwenye bodi lenyewe hutoa hadi wati 75. Kwa hiyo tafuta kadi isiyozidi wati 75, isiyo na plagi ya ziada, na fupi kwa kimo: GTX 1650 au GTX 1050 Ti zile za low profile. Pima nafasi kwa rula, kwa sababu nyingi ni nene za matundu mawili. RX 6400 inakula umeme kidogo zaidi, wati 53, lakini imetengenezwa kwa njia nne tu za PCIe 4.0 (PCIe ndilo tundu la kadi kwenye bodi). Bodi yako ni ya PCIe 3.0, hivyo itapoteza sehemu ya nguvu yake.

Kuifunga: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ondoa bamba la nyuma, sukuma kadi mpaka ibofye, kaza skrubu. Halafu kosa linalorudiwa kila siku: waya wa skrini unaachwa kwenye tundu la zamani la bodi. Uhamishie kwenye kadi, ama sivyo gemu itaendelea kutumia grafiki ya Intel na utasema kadi ni mbovu.

Kadi za bei ya kutupwa zina bandia nyingi: kadi ya zamani iliyoandikiwa upya programu ya ndani ijitambulishe kama 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzigundua na kuonyesha neno FAKE mbele ya jina. Iendeshe mbele ya muuzaji.

Kuhusu prosesa, i5-6500 ina kiini nne tu, kila kimoja kikifanya kazi moja kwa wakati, na gemu mpya zitakuwa zinashtukashtuka hata kadi ikiwa nzuri. Pia haimo katika orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupata masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama hujanunua kadi bado, ni afadhali kuuza hiyo OptiPlex na kuongeza pesa upate yenye i5-8500: kiini sita, na Windows 11 inaikubali. Wachezaji wa FC 26 wakumbuke kuwasha Secure Boot kwenye BIOS, mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, bila hiyo gemu haifunguki.

*Nafungua banda la gemu lenye mashine nne. PS4 au PS5? Umeme wa kwetu unakatika sana. (Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam)*

PS4 Slim, bila kusita. Angalia luku. PS4 Slim gemu ikiendelea inakula kama wati 80, PS5 kwenye gemu nzito hufika 200 hivi. Mashine nne kwa saa 10 ni uniti 3.2 kwa siku dhidi ya 8, na TV hujaziweka. Kwa mwezi ni uniti 96 dhidi ya 240. Wateja wako wanakuja kwa mpira, na mpira PS4 inaucheza.

Padi ndizo zitakazokula faida yako. Vijiti vya kushoto huanza kujisukuma vyenyewe, na tundu la chaji la padi ya PS4 hulegea kwa sababu ni micro-USB. Acha waya umechomekwa muda wote na uufunge kwenye meza, usivutwe. Vipuri vya vijiti na bodi ndogo ya chaji ni rahisi kuvipata. Ukija kuongeza PS5, jua kwamba padi za PS4 hazichezi gemu za PS5. Zitakubali gemu za PS4 tu zinazochezwa humo.

Umeme unapokatika PS4 ikiwa inaandika kwenye diski, faili huharibika, na ikiwashwa huleta ujumbe wa kukarabati hifadhi au gemu inagoma kufunguka. Izime, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Unganisha padi kwa waya, chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu. Usiguse namba 6 wala 7, hizo zinafuta kila kitu. Kinga ni UPS, kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati kama 360, yaani PS4 mbili na TV zake, muda wa kutosha kuzima kwa utaratibu. Umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuwasha, maana mara nyingi hurudi na mshtuko.

Mchanga na hewa ya chumvi ya pwani navyo vinaua mashine. Zipandishe juu ya meza, nyuma pabaki wazi sentimita 10, na feni zisafishwe kila miezi mitatu.

*Nafanya kazi Muscat, nataka kumpelekea mdogo wangu PS5 Mombasa. Itafanya kazi? (Msomaji, Oman)*

Itafanya, kaka. PS5 inapokea volti 100 hadi 240, na plagi ya pini tatu bapa ya Oman ndiyo ya Kenya. Gemu za CD za nchi yoyote zitacheza. Tahadhari hii iwe kwa konsoli za zamani kutoka Marekani, kama Xbox 360, ambazo adapta yake imeandikwa volti 100 hadi 127: ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240 inaweza kufa papo hapo.

Shughuli iko kwenye akaunti. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, na nchi ukishaichagua haibadilishwi. Kwa kuwa wewe uko Oman, mfungulie ya Oman, umnunulie kadi za zawadi za Oman huko huko. Kadi ya Marekani au Saudia haitakubali kwenye akaunti hiyo. CD nazo zinunue huko Ghuba, kwa sababu nyongeza za gemu hufuata eneo la CD, na za eneo lingine zinaweza kukataa kuungana nayo. Kabla ya kufunga mzigo iwashe, isasishe yote kwa intaneti ya huko, sajili kisomaji cha CD kama ni cha kuongezwa, toa CD iliyo ndani, kisha irudishe kwenye boksi lake lenye povu. Risiti baki nayo wewe, maana dhamana itadaiwa Oman.