Taa ya eabagi haizimi

SWALI: Fundi, gari langu ni la mwaka 2004. Tangu niliposogeza viti na kuosha zulia, taa ya eabagi (mifuko ya hewa inayofumuka kukinga watu kwenye ajali) haizimi. Rafiki ananishauri ning'oe balbu. Nifanyeje?

JIBU: Usiing'oe, ndugu yangu, nakusihi. Taa hiyo ikibaki inawaka, huenda eabagi zisifumuke siku ya ajali, na ukiing'oa balbu, atakayelinunua gari hilo kwako hatajua.

Kwa maelezo yako, nashuku plagi za manjano chini ya viti vya mbele. Kiti kikisukumwa waya huvutika, na maji yakiingia pini hushika kutu. Nimezikuta zimelegea mara nyingi kuliko eabagi mbovu. Kabla ya kuzigusa, zima swichi, fungua waya hasi wa betri, kisha subiri walau dakika 10, maana mfumo hubaki na chaji. Wala usipime eabagi kwa mita ya kupimia umeme! Mkondo mdogo tu unaweza kuifyatua.

Kama honi nayo imegoma, huenda ni utepe wa waya ndani ya usukani. Huo mwachie fundi. Awe na mashine inayosoma eabagi, kwani nyingi za bei nafuu husoma injini peke yake. Hata baada ya matengenezo, mara nyingi taa haizimi mpaka msimbo wa hitilafu uliobaki kwenye kompyuta ya gari ufutwe kwa mashine hiyo.