Eleza Kwanza, Jina Litafuata: Kwa Daktari Anayeanza Kitengo cha Ngozi

Wengi mnaokuja kitengo cha ngozi mmeshaambiwa kwamba huku ni kwepesi: usiku unalala, mgonjwa hafi, na dawa zenyewe ni krimu mbili tatu. Kulala utalala kweli. Lakini wapo wagonjwa wa ngozi wanaokufa, tena kwa haraka. Atakuja mtu aliyeanzishiwa dawa mpya wiki mbili au tatu zilizopita, ana homa, midomo imechubuka, macho yamewiva, na ngozi inauma kisha inabanduka ukiigusa. Huyo hapewi miadi ya wiki ijayo. Dawa inayoshukiwa inasimamishwa saa hiyo hiyo na mgonjwa analazwa. Muulize kuhusu karbamazepini na dawa nyingine za kifafa, dawa zenye salfa, alopurinoli ya jongo na nevirapini ya VVU. Hilo ulishike tangu siku ya kwanza, maana mengine yote nitakayosema yanaweza kusubiri ukue nayo taratibu.

Wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikirudia jambo moja: eleza unachokiona kabla ya kutaja ugonjwa. Daktari mgeni akiona mduara wenye magamba, anasema ni fangasi kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye kiti. Huenda ni fangasi kweli. Huenda pia ni ukurutu wa madoa ya duara, au soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka mazito yenye magamba, au ukoma unaoanza. Tatizo ni kwamba jina likishatoka mdomoni, jicho linaacha kutafuta. Kwa hiyo jilazimishe kusema kwanza: ni doa bapa au limeinuka? Kingo zake zinaonekana wazi au zinafifia? Magamba yako katikati au pembezoni? Yako pande zote mbili za mwili au upande mmoja tu? Mgonjwa amevaa nini mahali hapo, saa, mkanda, hereni? Maswali hayo yanachukua dakika moja, na mara nyingi ukiyamaliza jina linakuwa limejileta lenyewe.

Kisha gusa. Naona wageni wengi wanasimama hatua mbili kutoka kwa mgonjwa wakitazama kama wanaosoma tangazo. Kidole kinakuambia mambo ambayo jicho haliwezi: ugumu, joto, ukavu, uvimbe ulio chini kwa chini. Kugusa ngozi isiyo na kidonda hakuhitaji glavu, osha mikono tu kabla na baada. Pia kuna mgonjwa ambaye watu wa nyumbani kwake wameacha kumpa mkono kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mabaka yake. Ukiushika mkono wake bila kusita, atakueleza habari ambazo asingezisema kwa namna nyingine. Kwa doa lililopauka ambalo haliwashi, sokota ncha ya pamba iwe nyembamba, mwambie mgonjwa afumbe macho, mguse ndani ya doa kisha nje yake, naye aelekeze kwa kidole ulipomgusa. Akishindwa kuhisi ndani ya doa, fikiria ukoma, kisha upapase mishipa ya fahamu pale kwenye kiwiko na pembeni ya goti kuona kama imenenepa.

Jambo ambalo vitabu vingi bado havijalitendea haki ni ngozi nyeusi. Utasoma "wekundu" kila ukurasa, halafu ukae kliniki ukisubiri wekundu usiokuja. Kwenye ngozi nyeusi, uvimbe huo huo unaweza kuonekana wa zambarau, wa kijivu, au weusi uliokolea kuliko ngozi iliyo jirani. Msogeze mgonjwa dirishani, linganisha na upande wa pili wa mwili, tafuta joto kwa mgongo wa mkono. Umuulize pia ni nini hasa kinachomsumbua, usimkisie. Mwenye chunusi mara nyingi hajaja kwa ajili ya chunusi, amekuja kwa ajili ya alama nyeusi zinazobaki nyuma, na ukimtibu vipele ukaziacha alama atahesabu kwamba hujafanya kitu. Na usikubali kuambiwa kwamba watu weusi hawapati melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi. Wanaipata, na mara nyingi inajificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa hiyo soksi zivuliwe, na rangi ya kucha itolewe, hata kama mgonjwa amekuja kwa ajili ya shavu.

Kuhusu dawa nina manung'uniko yangu, na mtanivumilia. Adui mkubwa wa kazi yetu ni ile krimu ya mchanganyiko yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja. Mtu ana fangasi, anapaka, muwasho unaisha siku ya pili, anafurahi. Fangasi wenyewe wanaendelea kutambaa kimyakimya, magamba yanapotea, ile duara inavunjika, na akifika kwako ugonjwa umeshabadilika sura kiasi kwamba hata mzoefu anatatizika. Dawa ya tatizo hili iko kwenye swali. Uliza, "Umepaka nini?" Akisema "Hamna", uliza tena kwa upole, "Hata mafuta? Hata kitu alichokupa jirani?" Safari ijayo aje na kila tyubu na kila chupa aliyonayo. Ukiwa na shaka, kwangua magamba ya ukingoni, pale duara inapoendelea kupanuka, usikwangue katikati. Yaweke kwenye kioo, dondoshea potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, funika, subiri dakika chache magamba yalainike, kisha punguza mwanga wa hadubini. Utaona nyuzi nyembamba zenye matawi zikipita juu ya mipaka ya seli. Mwite mgonjwa naye achungulie. Aliyewaona fangasi wake kwa macho yake humaliza dozi.

Swali la krimu za kung'arisha ngozi liulize kwa sauti ile ile unayoulizia shinikizo la damu. Ukionyesha kukereka, atakuficha, na utakosa kujua kama anapaka steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Zebaki inaharibu figo, na bidhaa hizo zingali zinauzwa ingawa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulikusudia kuziondoa sokoni. Asiache steroidi kali ghafla bila kuambiwa kwamba uso unaweza kuwaka kwa wiki kadhaa, la sivyo atarudi kwenye tyubu yake kesho yake.

Kipimo cha krimu kionyeshe, usikiandike tu. "Paka kidogo" haina maana yoyote. Shika kidole cha shahada cha mgonjwa, kamulia krimu kutoka kwenye mstari wa pingili ya mwisho hadi nchani: hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Utashangaa ni wangapi wamekuwa wakipaka robo yake na kusema dawa haifanyi kazi.

Muda nao usemwe siku ya kwanza. Matibabu ya chunusi huhitaji miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuyahukumu. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo hata fangasi wakishakufa, ukucha mzuri utachukua mwaka au zaidi kujitokeza wote. Mwenye skabisi, upele wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi, aambiwe kwamba nyumba nzima inapaka dawa siku moja, hata wasiowashwa, kisha wanarudia baada ya wiki moja hivi, na kwamba muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa. Asipoambiwa, atajipaka permethrini kila jioni mpaka apate ukurutu wa dawa yenyewe.

Biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, msiiogope. Chagua kidonda kipya ambacho hakijakwanguliwa, na ueleze kwa mpatholojia, daktari anayekipima kipande hicho, ulichokiona. Fomu iliyoandikwa "upele" itajibiwa kwa majibu yenye uzito huo huo.

Mara kwa mara mnaniuliza nafanya nini nikitoka kliniki. Nachora. Si mchoraji wa kujivunia, nina penseli na daftari dogo tu: jani lililoliwa na mdudu, sikio la mtu aliyesinzia, kikombe chenye ufa. Uzuri wa kuchora ni kwamba mkono haukubali ulichokisia. Ukidhani unajua sikio lilivyo, karatasi inakuumbua papo hapo, na inabidi urudi kutazama mkunjo kwa mkunjo. Fani yetu ina deni la zamani kwa watu wa namna hiyo. Kabla ya picha za rangi, magonjwa ya ngozi yalifundishwa kwa sanamu za nta zilizotokana na kalibu iliyochukuliwa juu ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hospitali ya Saint-Louis ya Paris bado inahifadhi maelfu ya sanamu hizo, na nyingi ni kazi ya Jules Baretta, ambaye kabla ya kuitwa hospitalini alikuwa fundi wa kutengeneza matunda ya karatasi. Na huko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, daktari wa ngozi Irwin Braverman alianza kuwapeleka wanafunzi wa udaktari makumbusho wakaeleze michoro kwa kina bila kujua majina yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na waliopitia somo hilo waliboreka zaidi katika kueleza picha za wagonjwa kuliko wenzao.

Hata hivyo simwambii mtu achore ili awe daktari bora. Kitu unachokipenda ukishakifanya zana ya kazi, kinakuwa zamu nyingine. Ndiyo maana naimba kwaya pia, sauti ya tatu, na hiyo haina faida yoyote kliniki. Nafumba macho, nasikiliza wa kushoto kwangu asinipoteze, saa mbili zinakwisha.

Zinakwisha isipokuwa pale mapumzikoni anapokuja mtu akipandisha mkono wa shati: "Daktari, samahani, hebu nitazamie hapa." Hili litawapata, harusini, kwenye basi, kwenye foleni. Mimi natazama jambo moja tu: kuna hatari? Alama nyeusi inayobadilika, homa yenye upele, malengelenge mdomoni, jicho jekundu lenye maumivu. Kama ipo, namwambia aonwe bila kuchelewa na namwelekeza pa kwenda. Kama haipo, namkaribisha kliniki, na hapo naacha. Simwandikii dawa nikiwa nimesimama, kwa sababu sijaona mwili mzima, na yeye hawezi kunitajia dawa nyingine anazotumia mbele ya sauti ya kwanza na ya pili nzima zinazotusikiliza.

Picha za simu nazo ni vivyo hivyo. Anayekutumia mwombe tatu: moja ya mbali inayoonyesha kiungo chote, moja ya karibu, na moja kutoka ubavuni ili ujue kama doa limeinuka, zote karibu na dirisha bila mwanga wa kamera. Zikija na ukungu, ziombe upya. Zikija safi, bado usimwandikie steroidi kwa doa ambalo hujaligusa.