Halb drei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili baba yako asikie. Umebakiza mwaka mmoja na nusu kumaliza shahada ya Kijerumani, wenzako wanakwambia kompyuta sasa zinatafsiri kila kitu, nawe unauliza: ukimaliza ufanye kazi ya tafsiri au "uishie kufundisha", au ulikosea tangu siku ya kuchagua? Baba yako alishatoa jibu kabla sijakunja karatasi. La kwake atakwambia mwenyewe.

Langu unalijua. Lugha haiajiriwi peke yake. Nilikwambia hivyo ulipojaza fomu, nikakwambia tena ulipochaguliwa, na leo narudia. Anayetafutwa si mtu wa Kijerumani tu. Anatafutwa mhasibu anayeweza kumjibu mteja wa Stuttgart bila kumwita mkalimani. Ile Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake Munich, ina lugha tatu rasmi: Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wanaochambua maombi ya uvumbuzi pale ni watu wa kemia, umeme na mitambo, na lugha wanazo juu ya fani yao. Angalia kilichotangulia.

Hadithi ya Mutter umeisikia mpaka ukaichoka. Kile kiwanda cha uchapaji nilikokuwa karani, mtambo mpya kutoka Ujerumani, kitabu cha maelekezo mezani, na mimi mwenye miaka miwili ya Kijerumani cha masomo ya jioni. Nikasoma kwa sauti: Mutter lösen. Nikawatafsiria mafundi: "Mwachilieni mama." Fundi wetu mkuu, asiyejua hata salamu ya Kijerumani, akainamia mchoro, akaweka kidole chenye grisi pale penyewe na kusema, "Hii ni nati. Wanasema legeza nati." Na kweli, Mutter ni mama, na Mutter ni nati, yanaachana yakiwa katika wingi tu, Mütter kwa akina mama, Muttern kwa nati. Mimi nilijua neno, yeye alijua mashine, na mashine ikafunguka kwa mkono wake. Msemo wangu ulizaliwa siku hiyo.

Ila hiyo ni hadithi niliyochagua kuwasimulia. Kuna ya wiki iliyofuata, na hiyo hamjaisikia, wewe wala kaka yako.

Mtaalamu kutoka kwa waliotuuzia mtambo alikuja kuuwasha. Alikuwa na siku moja tu: amwonyeshe mkurugenzi wetu unavyoendeshwa, watie saini hati ya makabidhiano, kisha awahi ndege. Asubuhi alipiga simu ofisini, nikapokea mimi. Akasema halb drei. Halb ni nusu, drei ni tatu. Tatu na nusu yao ni saa tisa na nusu yetu. Hesabu hiyo niliifanya papo hapo, nikajivunia wepesi wangu, nikaandika kwenye kikaratasi "saa 9:30 alasiri" na kumpelekea mkurugenzi. Lakini Mjerumani hahesabu nusu iliyopita baada ya saa. Anahesabu nusu ya kuifikia saa inayokuja. Halb drei ni nusu ya njia kwenda tatu. Ni saa nane na nusu.

Tulishuka watu sita, mkurugenzi mbele. Mtambo ulikuwa umezimwa na sakafu imefagiliwa. Kwenye ubao wa zamu alikuwa ameandika kwa chaki 14.30, na chini yake mistari miwili. Kijana wa stoo akatuambia mgeni alisubiri karibu saa nzima akiangalia mlango, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Mtambo ukakaa chini ya turubai siku 11 mpaka akaja mwingine. Mkurugenzi hakunikaripia. Alinirudishia kile kikaratasi, akasema, "Kumbe Kijerumani chako ni cha salamu." Miaka 31 imepita, na nikiona 14.30 popote, hata kwenye tiketi, uso bado unaniwaka.

Sasa niambie, siku ile nilipungukiwa nini? Fani? Hata ningekuwa mhandisi ningekosea vilevile. Nilipungukiwa Kijerumani chenyewe. Kwa hiyo msimamo wangu una ufa, na ufa huo nimeujua miaka yote niliyokuhubiria. Lugha haiajiriwi peke yake, sawa, siliachi neno hilo. Lakini nusu ya lugha nayo, mtu akiiajiri, amejitia hasarani. Wiki hii nimejiuliza kama nilikusukuma uchukue na masomo ya biashara kwa sababu ndiyo haki, au kwa sababu hadithi ya nati ni nyepesi kuisimulia kuliko ile ya chaki. Sijapata jibu linaloniridhisha. Nadhani yote mawili.

Utasema programu ya simu isingekosea halb drei. Kweli, isingekosea. Barua za kawaida na maelezo ya bidhaa mashine imekwisha kuyachukua, na mtafsiri mara nyingi hupewa kazi ya kupitia tu kilichotoka kwenye mashine, kwa malipo madogo kuliko ya tafsiri kamili. Usiingie huko ukitegemea mambo yawe ya zamani. Lakini cheti cha ndoa au hukumu ya mahakama inapopelekwa kwenye ofisi ya Ujerumani, aghalabu hutakiwa mtafsiri aliyeapishwa, mwenye muhuri na saini yake chini. Wanataka mtu wa kuulizwa. Ukalimani wa mikutano nao una uzito wake, hasa kwa Kijerumani, ambacho mara nyingi kitenzi chake hukaa mwisho kabisa wa sentensi. Mkalimani anakaa kwenye kibanda ameshika nani, lini, wapi na kwa masharti gani, vyote kichwani, akingoja kusikia kama msemaji amekubali au amekataa. Kazi hiyo ilionekana na dunia nzima kwenye kesi za viongozi wa Kinazi kule Nuremberg, zilizoanza Novemba 1945, lugha nne kwa wakati mmoja, na Kijerumani kikiwa mojawapo. Wewe una masikio ya kazi hiyo. Subira ndiyo sina hakika nayo.

Kuna na njia ambayo hukuitaja kabisa, na wewe unapenda historia. Mwandiko wao wa zamani wa mkono, Kurrent, uliondolewa mashuleni mwaka 1941, na leo Wajerumani wengi hawawezi kusoma barua za babu zao wenyewe. Nyaraka zilizojaa mwandiko huo ziko makavazini katika nchi nyingi. Kama chuo chenu kina mtu wa kukufundisha kuusoma, mwendee. Si kazi ya kila mtu, na nafasi zake ni chache, lakini wanaoiweza nao ni wachache.

Nirudi kwenye neno lako "niishie". Limenichoma, nakwambia wazi. Ujerumani inahitaji wauguzi kutoka nje, na muuguzi aliyesomea nje ya Ulaya kwa kawaida hudaiwa kiwango cha lugha cha B2 (ngazi huanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu) kabla ya kusajiliwa. Daktari ana mtihani wake mwingine, wa lugha ya kitabibu. Kuna mtu anayewachukua watu hao kutoka A1, wasiojua der wala die, mpaka waweze kupokea zamu ya usiku kwenye wodi. Mtu huyo ni mwalimu. Asipowafundisha halb drei ikakaa, dawa ya saa nane na nusu itatolewa saa tisa na nusu, na hapo hakuna turubai la kufunika. Unaona mwenyewe kuwa hata huko lugha haiko peke yake: mwalimu atakayejua mambo ya wodini, au ya karakana, atawafaa kuliko anayejua sarufi tu.

Kwa hiyo swali ambalo ningependa ungeniuliza ni jingine: Kijerumani chako kimefika wapi hasa? Shahada haisemi hilo. Je, umefanya mtihani wa C1? Umewahi kukaa miezi sita mahali ambapo hakuna anayekubadilishia lugha? DAAD, lile shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, wanatoa ufadhili, wako kwenye kazi hiyo tangu 1925; uliza tarehe za maombi sasa, kabla ya kuuliza ajira. Ukishakuwa nacho kamili, hiyo fani ya kukiambatanisha tutaitafuta pamoja, na hata ukiichelewesha sitakulaumu. Zamani ningekulaumu.

Kuhusu ualimu au tafsiri, kalamu inanivuta nikuandikie neno moja. Nililiandika nikalikata, pale juu penye doa la wino. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaliona. Sitalisema, maana ni wewe utakayesimama mbele ya darasa au kuketi kwenye kibanda, si mimi. Baba yako ananiambia nimeshalisema.

Jumapili ukipiga simu, piga halb drei. Nitakuwa karibu na simu tangu saa nane.

Mama yako