Shangazi, tumemchukua kwa upendo lakini hana shukrani

"Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili wa kuzaa, na mwaka mmoja na miezi minne iliyopita tulichukua mtoto wa kiume kutoka kituo cha watoto, sasa ana miaka 8. Mama yake alimwacha kwa jirani akiwa na miaka 3 hakurudi tena. Sisi tumeokoka, tuliona ni wito. Mwanzoni alikuwa mpole mno, kanisa zima likatusifu. Sasa anaficha chakula chini ya godoro mpaka kinaoza, anadanganya hata pasipo na sababu, anachukua vitu vya binti yangu wa miaka 11 ambaye amefika hatua ya kuniambia mrudisheni alikotoka. Mume wangu kamchapa haisaidii, wazee wa maombi wanasema ana roho ya wizi inabidi afunguliwe. Juzi nimemkanya akanijibu we sio mama yangu. Hana shukrani kabisa. Juu ya hayo kajitokeza bibi yake mzaa mama anataka kumwona. Mwezi ujao kuna ibada ya shukrani, mchungaji anataka tusimame naye mbele tutoe ushuhuda, na mimi moyoni najua simpendi kama wanangu. Nilikosea kumchukua? Mama Mlezi."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka pembeni siku mbili maana ilinigusa pabaya, huko mbele nitakwambia kwa nini. Nianze na swali lako la mwisho ili upumue: hukukosea kumchukua. Ulipokosea ni kusubiri shukrani, na hilo hukulianzisha wewe, kila aliyekupa mkono nje ya kanisa akakwambia "mna thawabu kubwa" alikuwa anakufundisha kusubiri.

Tuje kwenye chakula. Mtoto aliyewahi kulala njaa, au aliyekulia mahali penye watoto wengi na anayechelewa anakuta sahani tupu, mwili wake umejifunza kitu ambacho maneno ya "hapa kwetu chakula kipo" hayawezi kukifuta, kichwa kinakuamini ila mkono bado unaficha. Huo sio wizi mama, hiyo ni akiba. Na ukimchapa kwa ajili ya akiba yake umemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Mtafutie boksi lenye mfuniko liwe lake, likae chumbani kwake, uweke vitu visivyooza haraka, na kila likipungua unalijaza bila kuulizwa na bila hotuba. Bila hotuba nimesema, maana nawajua wamama wa kanisani, tunajaza boksi huku tunahubiri. Kuficha kutapungua kwenyewe, ila usihesabu kwa wiki.

Uongo nao umetoka humo humo. Ukiuliza "nani kavunja hiki?" wewe unataka ukweli tu, yeye anasikia "nani anaondoka hapa?". Sasa usimtege na swali ambalo jibu unalo, sema naona kimevunjika njoo tuokote, basi.

Na ule upole wa mwanzo uliokufurahisha, mwanangu ule ulikuwa ugeni. Mgeni hafungui makabati ya watu. Sasa ndo kaanza kukaa, na anapima, nikiwa mbaya hivi wataniacha na wao? Neno "we sio mama yangu" limekuliza na lazima likulize, lakini mtoto anayekuogopa hathubutu kukwambia vile. Siku akirudia mjibu taratibu, ni kweli sikukuzaa, mama yako yupo na nafasi yake, na mimi nipo na siendi popote. Halafu endelea na ulichokuwa unafanya, usingoje akukumbatie.

Kuna daktari Mwingereza John Bowlby, mwaka 1951 aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani akasema upendo wa mama kwa mtoto mchanga na mdogo ni muhimu kwa akili yake kama vile vitamini na protini zilivyo kwa mwili. Baadaye kule Bucharest, Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, wakapiga kura, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki na utaratibu uliokuwepo. Waliokwenda kwenye familia walifanya vizuri zaidi, na waliopelekwa kabla ya kufika miaka 2 ndo walifaidika kuliko wote. Wako kaingia kwako na miaka 6 na kitu, kapita mikononi mwa mama, jirani, halafu kituo ambako walezi wanapokezana zamu. Sikwambii hivo kukukatisha tamaa, nakwambia ili ujue miezi kumi na sita ni asubuhi, bado hata jua halijakolea. Na kama kuna siku wazo la kumrudisha lilipita kichwani (hukuandika ila nililiona kati ya mistari), ujue ndo kitu anachokingoja kwa hofu kila siku.

Hilo la roho ya wizi nitaongea kwa ukali kidogo wazee mnisamehe. Mtoto wa miaka 8 akiwekwa kati watu wazima wamemzunguka wanapaza sauti kumtoa kitu, anachoondoka nacho ni kimoja tu, kwamba ndani yangu kuna kibaya na ndo maana mama aliniacha. Muombeeni, tena sana, lakini asiwe katikati ya duara. Mpigie magoti usiku amelala, au omba naye yale ya kulala usingizi mwema. Na mumeo aweke fimbo chini. Najua atakutolea Mithali, na wewe mtolee Wakolosai 3:21, akina baba wasiwachokoze watoto wasije wakakata tamaa. Tena sehemu nyingi mlezi aliyekabidhiwa mtoto haruhusiwi kabisa kumpiga, kwa hiyo akiendelea mnaweza kumpoteza mtoto kwa njia ambayo hamkuipanga.

Binti yako mmemsahau, samahani kama naumiza. Nyumba ilibadilika kwa wito ambao yeye hakuitwa. Mpe muda wake na wewe, nyie wawili tu, kila wiki, aseme anavyomchukia huyo kaka mpya na usimjibu kwa mstari wa Biblia. Na vitu vyake viwe na kufuli, hilo halipungui ukristo.

Bibi sasa. Naona umeshtuka kama vile anakuja kukuibia. Kwanza usipange naye kikao cha pembeni, wala usimfukuze, nenda kwa afisa wa ustawi aliyewakabidhi mtoto umweleze, wamchunguze ni bibi kweli na kwa nini katokea sasa, kuonana kwa mara ya kwanza kuwe mbele yao na mtoto aandaliwe. Wewe ni mlezi, hujamuasili, uamuzi huo sio wako peke yako. Ila moyoni jiandae kumkaribisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 8, unataka mtoto alindiwe utambulisho wake, jina na mahusiano ya familia yake. Na miongozo ya malezi mbadala waliyopitisha mwaka 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake, kwa hiyo kama bibi alikaa kimya kwa kukosa tu, msimhukumu. Musa alilelewa na binti Farao, na bado Kutoka 2 inasema alipokuwa mtu mzima alitoka akaenda kwa ndugu zake akatazama mizigo yao. Mtoto anaweza kuwa na bibi na akawa na wewe. Muulize huyo bibi hata picha moja ya mama yake, mnunulie mtoto daftari mbandike humo, na yale mnayoyajua andikeni kama yalivyo bila kupaka sukari na bila kumsema vibaya mama aliyemwacha.

Kuhusu kutompenda kama wanao, sikushangai. Wale uliwabeba tumboni, huyu alikuja na miaka sita ya mambo usiyoyajua, unategemea moyo ufike siku moja na begi lake? Mwogeshe, mkague kazi za shule, kaa naye akiumwa. Wengi niliowaona wakilea hawakumbuki ni lini upendo uliingia, walikuja kushtuka siku mtoto amechelewa kurudi.

Nilikuahidi kukwambia kilichonigusa. Mimi nililelewa na watu wasio wangu, wema kweli kweli, walinivisha wakanisomesha. Kila mwaka siku ya shukrani nilisimamishwa mbele, wanasimulia walivyonikuta, nguo gani nilivaa, nilivyokuwa na vidonda, na watu wanalia na kupiga vigelegele. Sikuwahi kukataa. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni mpaka iishe, halafu wiki nzima shuleni naitwa yule wa vidonda. Niliwapenda wale wazee mpaka nimewazika, na hilo sijawahi kuwaambia.

Ile habari ni ya kwake mwanangu, sio yenu. Mchungaji akitaka ushuhuda simama wewe na mumeo mseme Mungu amewafundisha nini kuhusu hasira zenu, hapo mtasema mengi. Kama anang'ang'ania mtoto awepo, mwambie mtoto mwenyewe hajataka. Na ili usiwe umedanganya, kamuulize leo jioni kama anataka, na uwe tayari akitikisa kichwa.